Wanga wa Al-Khoudh

Daktari, kijana wa Sur mwenye sauti ya kuswalisha,
alitazama karatasi za damu zetu, akasema neno kwa Kiarabu.
Shamis akamfasiria mama yake: "Kasema tupunguze wanga."
Bi Mkubwa akashika mkoba wake.
"Wanga! Huku nako wapo?
Mimi nikadhani tumewaacha Pemba."
Tulicheka mpaka kwenye gari,
usukani ukiunguza viganja kwa jua la Agosti.

Usiku hatukucheka.
Nilimtolea jirani gunia la basmati, kilo ishirini,
akaniuliza mara mbili nani kafa.

Tangu hapo mayai. Jodari wa kupaka, asiye na wali wa kumlalia.
Mabamia, matango, jibini, tena mayai.
Kahawa chungu bila tende,
hebu jaribu hilo mbele ya wageni wa Ibra.
Sheria niliiandika mimi, kwa kalamu nyekundu,
nikaibandika kwenye friji:
Ruhusa ni Ijumaa. Mlo mmoja. Sahani moja.

Shamis alikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na saba.
Hakuisoma sheria, aliichambua.
"Ijumaa yako huanza lini?"
"Asubuhi."
"Alaa! Na usiku wa kuamkia Ijumaa ni wa nani?
Siku huingia magharibi, hata mtoto wa chuoni anajua."
Basi Alhamisi, adhana bado iko hewani,
yeye keshakaa na biriani ya kwanza,
na kesho yake baada ya swala, ya pili,
na halwa, alisema, si mlo, ni adabu.
Nikamjibu kwa kitabu chake mwenyewe:
iliyoingia magharibi hutoka magharibi.
Saa kumi na mbili jioni namwondolea sahani, kijiko kikiwa njiani.
"Mwiko," namwambia.
"Haya, ulete huo mwiko, unipakulie."
Lugha yetu hii ina utani:
neno likukataze, neno lilo hilo likuchotee.

Wifi yangu Raiya, wa Sharja, hataki Ijumaa kabisa.
"Mvuta sigara naye mnampa siku yake?"
Nilimwambia ruhusa ina mlango, magendo yana dirisha;
afadhali umfungulie mtu mara moja kwa wiki
kuliko kumkuta darini.
Nilisema vizuri. Lile la sigara
sijalipatia jibu mpaka leo.

Halafu ikaja Jumatatu moja, natoka kumpeleka Bi Mkubwa kwa daktari wa macho,
nimeshamshusha kwake, niko peke yangu.
Kwenye kibanda cha karaki nikapiga honi, mara moja tu, fupi.
Akaja kijana na mkate wa rakhali, jibini na asali,
umekunjwa kwenye karatasi kama barua.
Vioo juu, kiyoyozi kinanguruma,
nikala kama mtu anayefukuzwa.
Ulikuwa mtamu. Sitasema uongo,
mtamu kuliko Ijumaa zote nilizompimia mume wangu.
Nikapiga honi tena.
Wa pili haukuwa na ladha yoyote.
Niliumaliza tu.

Nyumbani nikasukutua, nikajifukiza udi, siku ya kazi.
Shamis sebuleni, kifaa cha sukari mkononi, kidole keshakitoboa.
"Sita nukta nne!" kama mtoto aliyepasi.
Akaninyooshea: "Zamu yako."
Mkono wangu ukaenda wenyewe nyuma ya mgongo.

Alinitazama kidogo.
Akaja karibu, akanipapasa begani,
akaokota kwenye buibui
chembe ya mkate, nyembamba kama kucha,
akaitia kinywani mwake.

Kisha karani akaenda kwenye friji.
Chini ya sheria yangu, kwa kalamu yangu,
kwa ule mwandiko wake wa mahakamani:
Jumatatu. Ijumaa imeingia mapema.
Mashahidi, wawili.